Maji ya Mgongo ya Mtu Aliyesoma

Kabla sijaugua nilijua kwa uhakika kwamba hospitali za Johannesburg zinauza maji ya mgongo. Sisemi nilisikia, nilijua. Wanakulaza ubavu, wanakuchoma sindano katikati ya pingili za uti wa mgongo, wanakinga maji yanayotoka, na ndani ya maji hayo imo akili yote ambayo mtu amewahi kuiingiza kichwani. Yanatiwa kwenye masanduku ya barafu na kupelekwa shule za matajiri kaskazini mwa mji, msimu wa mtihani wa matriki, ule wa kumaliza sekondari. Watoto wanadungwa kidogo kidogo mpaka wafaulu.

Aliyeniletea habari hii ni Kizito, mtu wa Lubumbashi, mlinzi wa geti katika mojawapo ya shule hizo. Na hapa Hillbrow, mtaa ninakoshonea, hakuna shahidi anayeaminika kama mlinzi wa geti, maana yeye ndiye anayeona kinachoingia.

"Yaya Deo, hapana cheka," aliniambia, yaya kwa maana ya kaka mkubwa, huku nikimpima suruali. "Kila msimu wa mtihani, gari linaingia na masanduku meupe, moshi wa barafu unatoka. Miye mwenyewe nafungua geti! Halafu watoto wote wanafaulu. Wote, yaya. Hata yule ambaye kamba ya kiatu inamshinda."

"Na maji yenyewe ni ya nani?"

"Ya wageni, bwana. Mkongomani, Mrundi, nani atauliza? Lakini wanachagua. Ya mtu hakusoma, wanamwaga kwenye sinki."

Hilo la sinki ndilo lililonimaliza, kwa sababu mimi nilikuwa nimesoma. Nilitoka Uvira, Kongo, na cherehani kichwani na bila cheti hata kimoja, na hapa Johannesburg nikaenda shule ya jioni kwa miaka ambayo ukiipanga mstari inafika Cairo. Nilikaa dawati moja na watoto wanaoweza kunizaa kwa akili ya hesabu na ninaoweza kuwazaa kwa umri. Nilipofaulu, cheti nilikitia kwenye fremu nikakitundika juu ya cherehani, na mteja hapimwi kiuno kabla hajakisoma. Kwa hiyo nilipiga hesabu haraka: maji ya mgongo wangu yangekuwa ya daraja la kwanza. Wangenitafuta mimi kabla ya mtu mwingine yeyote mjini.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye mkono wake umeanza kuruka wenyewe, au mke wake, au mtoto wake. Mimi nilipotafuta mtu wa kuniambia itakuwaje sikumpata. Madaktari wana vitabu vyao. Hiki changu ni cha wanaokaa kwenye benchi.

Ugonjwa ulianza majira ya baridi, wakati majani ya huku yanakuwa rangi ya gunia na ngozi inapasuka hata ukijipaka debe zima la mafuta. Nilikuwa nashona majoho ya kwaya. Mkono wangu wa kulia ukaruka, ghafla, kama mtu aliyeguswa na waya wa umeme, na upande huohuo wa uso ukavutwa juu. Kufumba na kufumbua, ukaisha. Nikaendelea kushona. Ukaruka tena. Mshono wa bega la soprano mmoja ukatoka na kona kama barabara ya mlimani. Hakuna maumivu. Hakuna kuanguka. Unaruka, unatulia, na siku inavyosonga unazidi, mpaka ikawa siwezi kumaliza kikombe cha chai bila kuinywesha shati.

Sasa kanisa letu liko ghorofa ya juu ya jengo lilelile la mjini ninamoshonea, chumba kilichokuwa ghala la mablanketi. Jumapili moja mchungaji akauliza, "Nani ana ushuhuda?" Mkono wangu ukaruka juu.

Kwetu mkono ukishapanda haushuki bure. Mama Furaha, mzee wa kanisa anayepeleka kipaza sauti, alikuwa ameshanifikia. Nikasimama, nikamshukuru Mungu kwa afya. Jumapili iliyofuata mkono ukapanda tena palepale, nikamshukuru kwa watoto wa watu. Ya tatu nikamshukuru kwa kunipatia mahali pa kuegesha gari, na mimi sina gari, sijawahi kuwa nalo. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa ananifinya paja mpaka likawa la bluu.

"Papa Neema, shusha mkono! Unatafuta uchungaji?"

"Si mimi. Unapanda wenyewe."

Nilifanya kosa la kusema hivyo karibu na Mama Furaha. Baada ya ibada habari ilikuwa imezunguka jengo zima: mkono wa Papa Neema unapanda wenyewe. Na uso unapindika. Huyo ni Roho anamtikisa! Wakanihamishia kiti cha mbele pamoja na waombezi. Akina mama wakaleta wagonjwa wao niwaguse kwa mkono ule. Sitanii: majira yote ya baridi nilikuwa mgonjwa ninayeombea wagonjwa, na wengine walipona.

Nakuambia wewe unayesoma: kama mkono na uso vinaruka pamoja upande mmoja, kwa nukta moja tu, mara nyingi kwa siku, usikubali kiti cha mbele. Nenda hospitali. Ombeni, lakini ombeni mkiwa kwenye foleni.

Kisha kumbukumbu ikaanza kuvuja. Mke wangu anasuka nywele karibu na stendi ya teksi, na nilikuwa nampelekea chakula mchana. Nikampelekea, nikarudi, nikampelekea tena. Mara ya tatu wateja wake wakapiga makofi. Nilisimama kwenye robot, yaani taa za kuongozea magari, za barabara niliyoivuka maisha yangu yote ya huku, taa zikabadilika kijani na nyekundu, na mimi sijui nilikuwa naelekea wapi. Nyumbani, mtaa wa Observatory, nilikuta viatu vyangu kwenye friji na nikagomba kutwa nzima kwamba kuna mtu ananichezea.

Mama Neema akaanza kuchoka, na kuchoka kwake kulikuwa na sauti. Binti yetu Neema, yeye akawa kimya, na hicho kilikuwa kibaya zaidi. Amezaliwa huku, Kiswahili anakisikia chote ila anakisema kwa kukichechemesha. Siku hizo alikuwa ananifuata chumba hadi chumba na kuuliza, "Papa, wewe iko sawa?"

Kliniki walinipa dawa ya mawazo. Kisha wakanipa dawa ya kifafa, iliyonipa usingizi mzuri na mkono ukaendelea na kazi yake. Damu ikaonekana imepungukiwa chumvi, nikaambiwa nile chumvi. Nikala chumvi kama ng'ombe. Sina ugomvi na mtu. Ugonjwa huu wengi hawajawahi kuuona.

Aliyetuokoa ni Neema na simu yake. Alinirekodi nikiwa nakula ugali, mkono unaruka, uso unavutwa, tonge linatua ukutani. Mimi nilikasirika, nikasema mtoto wa siku hizi atamweka baba yake mtandaoni. Kumbe alikuwa anaitunza rekodi ile kwa ajili ya daktari. Siku ya hospitali kubwa, baada ya kusubiri tangu alfajiri, tuliingia kwa daktari wa neva, mama mfupi mwenye sauti ya upole. Mkono wangu, uliokuwa umeruka kwenye benchi asubuhi nzima, mbele yake ukakaa kama mtoto wa shule ya Jumapili. Neema akampa simu. Daktari akaitazama, akairudia, akamwita mwenzake, wakaitazama wote wawili na tonge likaenda ukutani tena.

"Unalazwa leo," akasema.

Kwa hiyo rekodini. Hilo nalisema bila utani.

Na benchi lile nisilisahau. Gogo mmoja, ndivyo huku wanavyomwita bibi kizee, aliyekaa karibu yangu alinifunika magoti kwa nusu ya blanketi lake. Kila mkono wangu uliporuka alisema kwa Kizulu, taratibu, neno la kubariki, kama vile nimepiga chafya. Hakuuliza ninatoka wapi. Huyo gogo ningemshonea joho la bure hata leo.

Wodini daktari alichukua karatasi ya kufutia mikono akachora seli mbili za ubongo zinazotazamana, na pengo dogo katikati. Alisema Kiingereza cha polepole na mimi nakiandika kwa lugha yetu. Hazigusani, alisema. Moja inasema, nyingine inasikia, na kwenye ngozi ya ile inayosikia kuna vipokezi, kama masikio. Katika pengo hilo kuna protini moja ambayo kazi yake ni kushika upande huu na upande ule zisiachane, na masikio yakae mahali pake. Askari wa mwili wangu mwenyewe, wale wa kupigana na homa, walikuwa wameidhania protini hiyo ni jambazi.

Nilimwelewa kuliko alivyotarajia. Sketi ya mwanamke, nyuma, juu ya zipu, ina kulabu ndogo na kitanzi chake. Hakuna anayeisifia. Fundi asiyejua kazi huiacha. Lakini ikikatika, zipu inateremka yenyewe mbele za watu, na mwenye sketi hajui kwa nini. Kichwani mwangu kulabu zilikuwa zinakatwa, moja baada ya nyingine.

"Vizuri sana," daktari akasema. "Basi tutachukua damu, na tutachukua maji ya mgongo, tujue hakuna maambukizi, kisha tuanze dawa."

Nikasema hapana.

Mama Neema akanitazama. "Hapana nini?"

"Mgongo hapana. Damu wachukue ndoo nzima."

"Weye mtu wa sindano, umekula kwa sindano tangu tuoane, leo unaogopa sindano?"

"Siogopi sindano. Naogopa maji. Yakitoka yanatoka na akili. Kizito ameona masanduku."

"Akili gani hiyo unayoilinda? Jana viatu vilikuwa kwenye friji!"

"Ndiyo maana! Iliyobaki ni kidogo, nikiitoa nitabaki na nini?"

Hakumtafsiria daktari. Alikwenda dirishani akasimama akinipa mgongo, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Nilidhani anacheka.

Msicheke nanyi. Nilikuwa naujua ujinga wangu wa zamani, wa mtu anayeshika gazeti juu chini kwenye teksi ili aonekane anasoma, na nilikuwa nimeutoka kwa jasho. Cheti kile ndicho kitu pekee nilichojipatia mwenyewe katika nchi hii bila mtu kuweza kunivua. Na sasa nilitakiwa nilale ubavu nikitoe kwa bomba.

Daktari hakunishurutisha. Alisema tu kwamba kila siku inayopita bila dawa ni kulabu nyingine. Halafu akaanza maswali yake ya kawaida. Uko wapi? Nikajibu. Ni majira gani? Nikajibu. Akamnyooshea kidole Neema, aliyekuwa amekaa mwisho wa kitanda na sare zake za shule.

"Huyu ni nani?"

"Binti yangu."

"Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Fikirini jambo hili: tangu mtoto yule azaliwe, dunia nzima imeniita mimi kwa jina lake. Papa Neema, njoo. Papa Neema, suruali yangu iko tayari? Ni jina lake na ni langu. Na halikuja. Nilimtazama uso, nikaujua kila sehemu, kovu la kidevuni la kuanguka kwenye ngazi nililijua. Jina halikuja.

Neema akatazama viatu vyake. "Eish. Ni sawa, Papa," akasema. "Ni sawa."

Haikuwa sawa. Nikamgeukia daktari.

"Chukueni," nikasema. "Chukueni yote. Hesabu, historia, na insha zangu. Mpeni mtoto yeyote mnayemtaka. Lakini jina la huyu mniachie."

Daktari aliandika kitu. Nadhani alifikiri ni ugonjwa unasema.

Sindano yenyewe ni hivi. Unajikunja kama kamba wa baharini, magoti tumboni. Muuguzi aliyenishika mabega aliitwa Sista Nomsa, mwanamke mwenye mikono kama ya mwokaji mikate. Unasikia baridi ya dawa ya kusafishia, unasikia kuchomwa kidogo kwa ganzi, kisha mgandamizo, kama mtu anakusukuma kwa kidole gumba ndani ya mfupa. Basi. Nimejichoma vibaya zaidi nikitia vifungo. Nilikuwa nimefumba macho nikiyaaga yale niliyosoma, somo kwa somo. Nilipofika jiografia wakasema tumemaliza. Sista Nomsa akaniambia nilale chali, kisha akaniletea chai yenye sukari ya kutosha harusi mbili, niinywe kwa mrija. Kichwa kiliuma siku zilizofuata, nikajua ni nafasi iliyobaki tupu.

Tangu hapo nahesabu wakati kwa dawa. Kwanza ilikuwa dripu. Dripu za mwanzo hazijaisha na mkono ulikuwa umetulia. Nilikaa nikiutazama juu ya shuka kama mbwa mkali aliyelala, nisimwamini. Asubuhi moja nikasema, "Neema, nipe maji." Mama Neema, aliyekuwa anakunja nguo, akaziacha zianguke. Nikalirudia, Neema, Neema, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniomba ninyamaze.

Baada ya dripu ukaja wakati wa vidonge vingi. Jiandaeni nao. Uso wangu ulivimba mviringo, mashavu yakaanza kuonana na mabega. Kizito alikuja kuniona akanipita kwenye ngazi. Njaa ilinishika ya kuweza kula mlango. Usingizi ulinihama na hasira zikahamia. Nilimfokea Mama Neema kwa sababu ya kijiko, na yeye akachukua kijiko, akakitupa dirishani, akasema, "Sasa kimekwisha kijiko. Tugombane juu ya uma?" Nikacheka, naye akacheka, halafu akalia. Aliniambia kwamba majira yale ya baridi alikuwa anasukia watu nywele huku akipanga moyoni jinsi ya kuniogesha nikizeeka nikiwa simjui. Mpeni mlezi wenu nafasi ya kusema mambo hayo. Wangu alisubiri mno.

Mvua za mchana zilipoanza, zile za radi za huku, vidonge vilikuwa vimeanza kupunguzwa. Nilirudi kwenye cherehani. Mshono ukanyooka. Kanisani mchungaji akauliza nani ana ushuhuda, watu wote wakageuka kunitazama, na mkono ukabaki pajani. Nilipouinua niliuinua mwenyewe, taratibu, na Mama Furaha akauliza kwanza kama ni kweli.

Si kila kitu kimerudi. Kuna sehemu ya baridi ile haimo kichwani. Nasimuliwa, kama hivi ninavyowasimulia. Lakini jambo moja nililificha. Cheti nilikuwa nimekishusha ukutani, nikakigeuza nyuma ya marobota ya kitambaa. Si haki kutundika kitu ambacho ndani yako hakimo tena. Vitabu vyangu sikuvifungua. Neema akiniletea hesabu zake, kama zamani, nilimwambia macho yanauma.

Hivi karibuni tulikuwa kliniki ya hospitali ileile kubwa, mimi na yeye, kwenye benchi. Alikuwa anafanya kazi ya shule magotini. Nikatupa jicho nikaona amehamisha namba upande wa pili wa mlinganyo bila kubadili alama. Nikatazama pembeni haraka. Nikajiambia hujaona kitu, mtu aliyetolewa akili haoni kosa.

Sista Nomsa akaja na kipimo cha presha. Akasema naendelea vizuri, ila daktari huenda akataka maji ya mgongo mara moja tena, kuhakikisha.

"Sista," nikamwambia, "safari hii mtapata hasara. Hamna kitu. Mlishachukua yote."

"Yote nini?"

Nikamweleza. Masanduku ya Kizito, mtihani wa matriki, jiografia, cheti nyuma ya marobota. Nilieleza kwa furaha, kama ninavyoeleza kila kitu, lakini nilipofika kwenye cheti nilijikuta nahesabu mishono ya mkono wa shati langu. Neema alikuwa ameacha kuandika.

Sista Nomsa hakucheka. Alinifungua mkanda wa presha, akaukunja, akaniambia:

"Papa, yale yalikuwa maji. Vijiko viwili vya chai, labda vitatu. Maabara waliyapima, yaliyobaki wakayamwaga. Na ile chai niliyokuletea, kabla hujaimaliza, mwili wako ulikuwa umeshatengeneza mengine. Shule yako haikuwamo."

Nikavuta daftari la Neema, nikaweka kidole kwenye ile namba iliyohama, nikamwambia alama hajaibadili.